Kondoo na Nywele za Sare

Paukwa!

Pakawa.

Na wa nyuma waitike, au ubwabwa umeshawalaza? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakialikana harusi na kusemana baada ya harusi, alikuwako Kondoo. Kondoo huyu alikuwa na nywele za kipilipili. Zilianzia utosini, zikashuka masikioni, zikauzunguka uso, nene, kila msokoto na mahali pake. Uso wenyewe ulikuwa mrefu, wa mifupa mitupu. Nywele ndizo zilizompa mashavu.

Kondoo hakuzaa. Alilea. Simba alimkamata Pundamilia mmoja kivukoni, akabaki mtoto wa kike, miguu inatetemeka, hata kusimama hajajua. Jamaa zake walikuwa wameshavuka. Hakuna aliyegeuka. Kondoo akamchukua, akamwita Tunu, akamwombea maziwa kwa Mbuzi, akamlaza ubavuni pake. Baridi ikija, mtoto anatia pua katika zile nywele, analala. Tunu akakua, akakua, akawa mwali. Akaposwa na ukoo wa Pundamilia wa nyanda za mbali, wale wasiokaa mahali pamoja.

Sasa, bonde lile lilikuwa na ada yake. Bibi harusi haondoki mpaka amwite aliyemlea, mara tatu. Mlezi huitika mwenyewe, haitikiwi na mtu, hutoka mbele ya watu, humlisha nyasi mdomo kwa mdomo, humnong'oneza neno la kuondokea. Binti aliyepewa neno ana kwao pa kurudi. Asiyepewa, hana. Akiteswa huko ugenini, avumilie tu. Kondoo neno lake alikuwa nalo tangu Tunu akiwa mdogo.

Wiki ya harusi akafika Shangazi wa bwana harusi. Mashangazi wa namna hii mnawajua. Alikuja na sare. Si sare ya kanga, maana kanga wao hawavai. Sare ya nywele. Wanawake wote watakaosimama mbele, alisema, wawe na nywele fupi, zimesimama wima kama ufagio mpya, kama za ukoo wake. Swala akakubali. Nyumbu akakubali, kwa kuwa zake zilikuwa za singa na hazikumpa taabu. Shangazi akamgeukia Kondoo, akamtazama kutoka utosini mpaka kwatoni.

"Na wewe, mwenzangu, hicho kichaka utakipeleka wapi? Wakwe watasema mtoto kalelewa porini."

Wote pale walikuwa wakiishi porini. Hakuna aliyecheka.

Kondoo akaenda kwa Nungunungu, msusi wa bonde zima. Miiba yake ndiyo chanuo, meno yake ndiyo mkasi. Nungunungu akamzunguka, akamtazama mbele, akamtazama ubavuni. Akamweleza kwamba uso mrefu unataka nywele pembeni. Juu atapunguza kidogo, pembeni aziache zijae, na atazikata zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja, kwa sababu kipilipili kikilowa hudanganya urefu wake.

"Shoga, sikuja kusomewa uso," akasema Kondoo. "Nataka kama za Shangazi."

"Za Shangazi ziko kichwani kwa Shangazi."

"Nikate."

Nungunungu naye alikuwa amealikwa harusini, hakutaka maneno na wakwe. Basi akampeleka mtoni, akamlowesha. Nywele zikalegea, zikanyooka, chururu, chururu. Akachana, akavuta, akakata. Kacha, kacha, kacha. Kondoo akajitazama majini. Zimekaa sawa, zimenyooka kabisa. Akacheka peke yake, akajiona mtu wa ukoo.

Jua likawaka. Nywele zikaanza kukauka. Msokoto mmoja ukaruka, pwi. Wa pili, pwi. Pwi, pwi, pwi, misokoto ikapanda juu ikajikunja, ya kulia zaidi kuliko ya kushoto. Kisogoni kukatokea upara. Kichwa kikawa kama shamba lililopitiwa na nzige, na uso, sasa hauna mashavu, ukarefuka mpaka ukamtia huzuni mwenyewe.

Na huko ngoma zimeshaanza. Ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi.

Kondoo akaenda. Angekosaje? Lakini alijibanza nyuma ya Nyumbu, akajiambia atatoka mwishoni, watu wakipungua.

Tunu akaletwa katikati, amepambwa, amefukizwa udi. Watu wote walikuwa wamefukizwa udi siku ile, hata pua haikuweza kumsaidia mtu. Akaita kama ada inavyotaka.

"Mama Kondoo, mlezi wangu, uko wapi?"

Kondoo akatazama wakwe walivyojipanga, shingo zimenyooka, nywele wima. Akazidi kujibanza.

Tunu akaita tena. Akaanza kupita kati ya watu, anatafuta. Akapita kwa Swala, akapita kwa Nyumbu, akafika mbele ya Kondoo. Akamwona mama mmoja asiyemjua, uso mrefu, kichwa kimeliwaliwa. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo," akasema.

Angeitikia tu marahaba, Tunu angeijua sauti. Kondoo akatikisa kichwa. Tunu akapita.

Mara ya tatu aliita kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua jibu. Shangazi akasema kwamba mlezi huyo bila shaka ana shughuli zake muhimu kuliko hii, na mto unajaa, twendeni. Wakaondoka. Tunu hakugeuka nyuma. Ageukie nini?

Ndipo Kondoo akatoka mbio. "Tunu, mwanangu, mimi hapa!" Kwato zilikuwa zinalia, gu-gu-gu-gu, na vumbi limefunga njia. Akalia mpaka koo likakauka. Vumbi likatua. Hapakuwa na mtu.

Mvua zikanyesha. Nywele zikaota, zikajisokota, nzuri kuliko zile za kwanza. Nungunungu akaja kumsifu, akageuziwa kisogo. Kiangazi Nyumbu akarudi kutoka nyanda za mbali na habari. Tunu hajambo, alisema, amejifungua binti. Kwa mumewe hapendwi sana. Ila akiulizwa kwao ni wapi, husema hana kwao.

Neno la Kondoo lilikuwa fupi: Urudi, mwanangu. Alilimeza siku ile ya harusi, nalo likakataa kukaa tumboni. Hulirudisha mdomoni, hulitafuna, hulimeza, likarudi tena. Kwa hiyo mkimkuta kondoo amelala kivulini, anatafuna na hana jani mdomoni, mpiteni polepole.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa kwa wadogo. Usijikate ufanane na wanaokudharau. Na kama umeshajikata, toka hivyo hivyo ulivyo, uitike. Nywele huota. Aliyekuita ukanyamaza, hakuiti tena.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo ilipokaa.