Baragumu la Mwalimu Zakaria

Hapo zamani, katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni, palikuwa na mtaa wa Mayahudi, na nyuma ya mtaa huo palikuwa na kilima kikavu. Kila alfajiri watu watatu walipanda kilima hicho, wakaitazama njia iendayo Yerusalemu, waone kama Masihi anakuja. Walitazama mpaka jua litoke, kisha wakashuka, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza alikuwa Nadra. Mumewe, Musa, alikuwa ameondoka na msafara akisema atarudi kabla ya Pasaka. Pasaka kumi na moja zikapita. Hapakuwa na shahidi wa kifo chake, na bila shahidi sheria haikumruhusu Nadra kuolewa tena. Kwenye harusi hakujua akae na wake za watu au akae na wajane, basi alikaa jikoni na masufuria. Tangu utotoni aliambiwa kwamba Masihi akikaribia, nabii Eliya atamtangulia na kufumbua kila lisilojulikana. Ndiyo maana alipanda. Alitaka kumwuliza Eliya neno moja tu: Musa yuko wapi?

Wa pili alikuwa Salem mfumaji, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Alipanda kwa fimbo, akipapasa mawe. Haja yake hakuificha. "Masihi akija, vipofu wataona," alisema. "Nitamwona binti yangu. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka minne."

Wa tatu alikuwa Shukri mfua fedha, mwenye afya, mke, wana na wajukuu. "Mimi sina ninachokosa," alisema. "Lakini nyumba ya Mungu kule Yerusalemu ilichomwa, na Yeye mwenyewe yuko uhamishoni pamoja nasi. Namlilia Yeye."

Mwalimu wa mtaa, mzee Zakaria, alitunza baragumu la pembe ya kondoo, lililowekwa lipulizwe siku Masihi atakapoonekana. Alipokaribia kufa aliwaambia wazee, "Baragumu mpeni yule anayemngoja Masihi kwa ajili ya Mungu, si kwa haja yake. Lakini watazameni kwanza wale watatu mwaka mzima."

Mwaka huo akaja mchuuzi kutoka pwani. Alisimama mlangoni kwa Nadra, akavua viatu.

"Mama, mumeo nilimzika mimi, kwa mikono hii. Ilikuwa homa, njiani, mwaka ule ule alioondoka."

Wazee waliukubali ushahidi wake. Nadra akakaa sakafuni siku saba akiomboleza. Siku ya nane hakuwa na sababu ya kuamka mapema. Mgane mmoja wa mji wa bondeni alikuwa amekwisha kutuma posa. Nadra alilala macho wazi, akaona kwamba bado kuna kitu kinakosekana, na kitu hicho hakikuwa Musa. Akayakumbuka maneno ya Shukri. Kama ni kweli, akawaza, basi Mungu naye anangoja kama nilivyongoja mimi, bila mtu wa kukaa naye. Akajitanda mtandio, akapanda kilima.

"Umekuja kutafuta nini, dada?" Shukri alimwuliza. "Jibu lako si umeshalipata?"

"Nimelipata," alisema Nadra, akaendelea kuitazama njia.

Baada ya miezi michache akapita mganga wa macho. Alimshika Salem kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akasema utando ule anaweza kuuondoa. Salem akakataa.

"Baba, kwa nini?" binti yake alilia.

"Nikiona, mwanangu, nitalala asubuhi," alisema Salem. "Najijua."

Mwaka ulipokwisha, wazee wakawaita watatu wale sinagogini, baragumu likiwa mezani.

Shukri alisema, "Mwalimu alisema kwa ajili ya Mungu. Tangu mwanzo mimi sikuomba kingine."

Salem akasema, "Ndugu yangu, hujawahi kukosa chochote. Siku utakapokosa, utajuaje utamlilia nani? Mimi nililetewa macho yangu, nikayakataa, nisiache kungoja."

"Umeyakataa kwa mganga," Shukri alijibu, "lakini bado unayataka kwa Masihi."

"Na wewe, mama?" mzee mmoja akamgeukia Nadra.

"Miaka kumi na moja nilimngoja Masihi kama mtu wa kuniletea habari," alisema. "Sasa habari nimezipata na bado napanda. Sijui kama namngoja kwa ajili ya Mungu, au nimezoea tu kungoja. Nyumbani kwangu hamna mtu."

"Na yule mgane?"

"Nimemkatalia. Kule bondeni njia haionekani."

Wazee walibishana mpaka wakati wa sala ya alasiri, na baadhi yao wakaondoka hawasemezani, baragumu likibaki mezani. Salem akapapasa ukuta akitafuta mlango. Shukri akaenda kwa wajukuu zake. Nadra akafungua nyumba yake, akaingia, akafunga.

Haya, nanyi mmesikia yote. Kuna asiyekuwa na haja, kuna aliyekataa haja yake isitimie ili asiache kungoja, na kuna aliyebaki akingoja baada ya haja yake kwisha. Je, nani alistahili baragumu?