Mwenzake Mama Navoneiwa

Kando ya mama hapakai patupu. Mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule kijana aliyetaka kuaga kabla hajaketi, na mkaona jinsi alivyorudi haraka kukaa. Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni, niwaambie chanzo chake.

Huko juu milimani Upare, ambako ukungu hushuka hadi mlangoni, aliishi mjane aliyeitwa Navoneiwa. Alikuwa na watoto wawili, Eliamani na dada yake Nietiwe, wote wakifanya kazi mjini. Hawakuwa watoto wabaya. Walituma sukari, walituma blanketi, walituma salamu. Ila wenyewe walikuja kwa nadra, na walipokuja walizungumza wamesimama.

Mama yao alipotimiza miaka tisini, waliamua kumfanyia sherehe kubwa. Walipanda na maturubai na keki. Majirani wakapika makande na pilau, wakachinja mbuzi, na kwaya ya kanisa ikajipanga uani. Mama akavishwa kitenge kipya na kuketishwa mbele ya watu wote. Aliomba jambo moja tu: kigoda chake cha jikoni kiwekwe kando yake.

"Cha nani, mama?" Nietiwe aliuliza.

"Cha mwenzangu."

Wakadhani ni jirani fulani, wakakiweka. Lakini kila mgeni aliyetaka kukikalia, Mama alimzuia kwa upole: "Samahani, pana mtu." Kisha aliinama upande huo, akanong'ona, akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka.

Wakati wa chakula, jirani yao Namkunda alimletea Mama sahani mbili. Moja aliiweka mbele ya kigoda bila kuulizwa. Nietiwe akamfuata jikoni.

"Mama Namkunda, ile sahani ya pili ni ya nani?"

Namkunda aliendelea kupakua. "Mwanangu, sisi tumezoea. Nikipita hapa husikia sauti mbili ndani. Zamani nilikuwa napiga hodi. Nikiingia, namkuta mama yako peke yake, na kigoda kina joto. Siku hizi napita tu."

Nietiwe alitoka mbio. Alichelewa. Eliamani alikuwa amekwenda kupiga picha na mama yake, akakikalia kile kigoda. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Kwaya ikanyamaza. Ukungu ulikuwa umeshaingia chini ya maturubai, na hakuna aliyeuona ukija.

"Umemkalia mwenzangu," Mama alisema. "Mwombe radhi."

"Mama, ni nani huyo?"

"Sijamuuliza jina. Ile Krismasi mliyosema mnakuja, niliwasha moto, nikawawekea kigoda. Nilipogeuka, kilikuwa na mtu. Amekuja kila siku tangu hapo. Hunisikiliza. Hana haraka kama nyinyi."

"Anataka nini?" Nietiwe aliuliza.

"Twende naye kwake. Nilimwomba angoje kwanza niwaone wanangu wote pamoja." Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Leo nimewaona."

Alianza kuinuka. Mkono wake ulinyooka kando, na vidole vikajikunja taratibu, kama vinavyojikunja mtu anaposhikwa mkono.

Eliamani hakuweza hata kusogea. Nietiwe ndiye aliyepiga magoti mbele ya kigoda kitupu.

"Shikamoo," alisema. "Asante kwa kukaa na mama yetu. Nafasi hii ilikuwa yetu, tukaiacha. Nakuomba uniachie."

Watu wote walikisikia kigoda kikilia, kama kinavyolia mzito anapoinuka. Vidole vya Mama vikafunguka. Kisha majani mabichi ya uani yakalala, hatua kwa hatua, kuelekea njia ya msituni, mpaka ukungu ukayafunika.

Mama aliketi tena. Alitazama kule kwa muda mrefu, na usoni alikuwa na huzuni ya mtu aliyesindikiza rafiki.

"Ameondoka," alisema. Akamgeukia binti yake. "Na wewe unaondoka lini?"

"Siondoki, mama."

Nietiwe akakikalia kile kigoda, kikiwa bado na joto. Keki haikukatwa siku ile. Eliamani alirudi mjini peke yake, lakini tangu hapo alipanda mlimani kila alipopata nafasi, na alipofika alianza kwa kuketi.

Mama Navoneiwa aliishi miaka mingine kadhaa. Majirani wanasema siku moja Nietiwe alizuiwa na mvua sokoni. Alipokaribia nyumbani alimsikia mama yake ndani akicheka, akisimulia jambo, akinyamaza kidogo, kisha akisimulia tena. Alitupa kikapu palepale njiani, akakimbia.

Ndiyo maana kule milimani, wakikuona unamuaga mzazi wako nawe hujaketi, hawakugombezi. Watakuambia tu, kwa sauti ya chini: kando ya mama hapakai patupu.