Vitambaa vya Bi Sikitu

Kaa kwanza. Acha kuperuzi dakika mbili usikilize hii, halafu mtumie mwenzako.

Bi Sikitu alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee. Miaka kumi na tisa anaogesha, analisha, anageuza watu wasiojiweza. Mikono yake ilikuwa inaujua kila mgongo mle ndani. Ila shule aliishia la pili. Kusoma hajui, kuandika ndo kabisa.

Ikaja amri: kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti abaki kwao. Ila wakongwe watapimwa hapohapo kazini, na anayeiweza kazi atapewa cheti.

Mpimaji akafika, Mwalimu Lugendo, shati jeupe peee, fomu mkononi. Kuogesha, vema. Kugeuza mgonjwa, vema. Kulisha, vema. Kikabaki kipengele kimoja: kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

"Mama, daftari lako liko wapi?"

"Sina, baba. Nina vile vitambaa."

Kila kitanda kilikuwa na kipande cha kanga kuukuu kimefungwa upande wa kichwani.

Lugendo akacheka. "Mama, mimi nauliza kumbukumbu, wewe unanionyesha matambara!"

Akachora mkasi kwenye fomu. Miaka kumi na tisa imeondoka na mistari miwili ya kalamu.

Pale karibu alilala Mzee Chitemo, kiharusi kilishamnyamazisha. Akanyoosha mkono kwenye jagi la maji kando ya kitanda. Lugendo hakuwa mtu mbaya, akamhurumia. Akafungua tambara la kitanda hicho lililokuwa linamziba asilifikie jagi, akalitupa chini, akamimina maji, akamsogezea mdomoni.

"Weee!"

Bi Sikitu akamdaka mkono. Maji yote yakaishia kwenye shati na fomu.

"Mama! Unanishika mimi?"

"Nifelishe tu, baba, lakini huyu maji matupu yanampalia. Anapewa uji mzito, kijiko kijiko, ameketi. Hicho ulichotupa kina mafundo mawili. Mawili ni koo."

Lugendo akageukia kitanda cha pili. "Na hiki chenye fundo moja?"

"Mgongo. Anageuzwa mapema, kidonda kisianze."

"Kile cheupe je?"

Bi Sikitu akashusha sauti. "Huyo haoni. Unamwita jina kwanza ndo umguse, asishtuke."

"Sawa, lakini ukiumwa wewe, nani atavisoma?"

Sauti ikatoka kwenye kitanda chenye kitambaa cheupe.

"Hata mimi navisoma, mwalimu. Kwa vidole. Sikitu akichelewa, wageni nawaambia mimi: huyo msimpe maji."

Lugendo akainama, akaokota kile kitambaa. Akakifunga palepale, mafundo mawili.

"Kaza kidogo," Bi Sikitu akamwambia. "Huwa anakivuta akilala."

Akakaza. Kisha akatoa fomu mpya, kavu, akaanza na kile kipengele cha mwisho. Vema.

Bi Sikitu hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alikuwa ameshakaa pembeni ya Mzee Chitemo, anampulizia uji.

Funzo: Ujuzi wa mtu usiupime kwa karatasi aliyonayo. Muulize anafanyaje, na kwa nini anafanya hivyo.

Na wewe, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeuliza kwanza, au ungechora mkasi wako ukaondoka?