Pimbi na Mawe ya Wageni Rasmi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na vikao visivyokwisha, palikuwa na mji mdogo uitwao Kimbugu. Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma acha kumchokonoa mwenzako, maana hadithi hii ukiikatiza siianzi tena.

Mji ulikuwa upande huu wa mto, shule upande wa pili, na daraja hapana. Masika yaliyopita mtoto wa Digidigi aliteleza akivuka, maji yakambeba, akaja kuokolewa huko chini akiwa amening'inia kwenye mizizi ya mkuyu. Tangu siku hiyo anachechemea. Na masika mengine yalikuwa njiani.

Kimbugu walikuwa na chama cha kujitolea. Tembo alikuwa mwenyekiti, Nyati makamu wake, Bi Kiboko mhazini na Kifaru mlezi. Katibu alikuwa Pimbi, kile kinyama kidogo kinachokaa miambani, na kwa kuwa ndiye katibu, kazi zote zilikuwa zake.

Chama kikaitisha harambee ya daraja. Watu wakachanga mahindi, karanga na viazi vya kuwalipa mafundi. Mnajua vilikwenda wapi? Vililiwa karibu vyote kwenye sherehe ya kuzindua harambee. Vilivyosalia vikanunua fulana za manjano zenye jina la chama, na fulana ya Tembo peke yake ikamaliza nusu ya kitambaa.

"Sasa tutajenga kwa kitu gani?" Pimbi aliuliza kikaoni.

"Tutajenga tu, Bi Katibu," alisema Tembo. "Kwanza tukubaliane nani atakuwa mgeni rasmi wa kuweka jiwe la msingi. Nadhani ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mwenyeji," alisema Nyati. "Mwenyeji anakuwaje mgeni?"

"Mlezi ndiye mgeni," alisema Kifaru.

"Jiwe linawekwa mtoni," alisema Bi Kiboko, "na mtoni ni kwangu. Mmepiga hodi?"

Kikao kikaahirishwa. Kilichofuata nacho kikaahirishwa. Mimi mwenyewe nikivisimulia nachoka, sembuse Pimbi aliyekaa ndani yake.

Mlangoni alimkuta Mama Digidigi anamsubiri. "Bi Katibu, mvua zikianza, mwanangu asisome?"

Pimbi alirudi kwake kilimani amechukia kweli kweli. Akakaa juu ya mwamba akiyatazama mawe makubwa yaliyotapakaa pale. Wadogo wote wa Kimbugu wangesukuma mpaka usiku, lisingetikisika hata moja. Wale wanne wangeweza, lakini tangu chama kianze hawakuwahi kuinua chochote isipokuwa sahani. Akawaza, akawaza, halafu akacheka peke yake.

Asubuhi alikwenda kwa Tembo. "Shikamoo, Mwenyekiti. Mgeni rasmi ni wewe. Njoo na jiwe lako."

"Jiwe langu? Mgeni rasmi huletewa."

"Tungekuletea, ila sisi tutakuletea kajiwe, halafu watu wakuone umeshika kajiwe."

Tembo akapanda kilimani, akang'oa jiwe kubwa kuliko yote, akalibingirisha hadi ukingoni. Tubwi! Watu wakapiga vigelegele, Tembo akahutubia hadi jua likawa utosini.

Jioni Nyati akafika kwa Pimbi anapumua kwa nguvu. "Kwa hiyo mmeamua."

"Hatujaamua kitu, Makamu. Yule ameweka jiwe pembeni, karibu na matope. Msingi hasa si uko mbele yake?"

"Mbele kiasi gani?"

"Karibu tu. Ukienda mbali watu hawataona kama la kwako ni kubwa kuliko la kwake."

Kesho yake, tubwi! Jiwe la Nyati likakaa mbele ya la Tembo. Hotuba tena.

Bi Kiboko akaibuka majini amenuna. "Hao wameweka penye kina cha kuogeshea vifaranga."

"Ndivyo nilivyowaza mimi," alisema Pimbi. "Lakini nani atathubutu penye kina?"

Tubwi! Kisha Kifaru naye akasikia kwamba mlezi amesahauliwa. Tubwi! Kisha Tembo akasikia kwamba jiwe lake sasa ndilo la mwisho nyuma, akaja mtoni mbio.

"Naliondoa jiwe langu," alisema. "Nalirudisha kilimani, na uenyekiti nauacha."

Pimbi alijua jiwe lile likitoka, ukingoni hapakanyagiki.

"Liondoe, Mwenyekiti," alisema taratibu. "Nitawaambia watu jiwe la kwanza la chama hiki liliwekwa na Nyati."

Tembo akasimama. Akalitazama jiwe, akamtazama Pimbi. Kisha akaenda kilimani kuleta la pili, aliweke mbele ya la Kifaru.

Basi ikawa hivyo, leo huyu kesho yule, na kila jiwe lina hotuba yake. Pimbi alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Alizisikia hotuba zile hadi akawa anazijua kwa moyo, na angeweza kulia kwa uchovu.

Pakabaki pengo moja tu kabla ya ng'ambo. Siku hiyo mawingu yalikuwa meusi huko mto unakotoka, na wakubwa wote wanne walikuja pamoja, kila mmoja akidai la mwisho ni lake. Wakabishana. Maji yakaanza kubadilika rangi, bado wanabishana.

Pimbi akachoka, safari hii si kwa hila, alichoka tu. "Nyamazeni," alisema. "Jiwe la mwisho ataweka Kobe."

Kobe mwenyewe, aliyekuwa ukingoni akitazama, akashtuka.

"Kobe?" alisema Kifaru.

"Yeye hana hotuba."

Wote wanne wakalirukia kwa pamoja jiwe lililokuwa likisubiri ukingoni. Hakuna aliyekubali kuliachia, basi wakalisukuma wote, bega kwa bega, wakikanyagana na kutukanana. Hiyo ndiyo siku pekee chama kile kilifanya kazi kwa umoja. Tubwi!

Tembo akajifuta matope kwenye fulana. "Haya. Misingi imekwishawekwa. Bi Katibu, daraja lenyewe tunaanza lini?"

"Daraja lipi tena, Mwenyekiti?"

Wakageuka. Mawe yalikuwa yametoka ukingo mmoja hadi mwingine, yamekaribiana kiasi cha kuruka, na maji mekundu ya mvua yalikuwa yanapita katikati yake bila kuyafikia mabega.

"Ametutumia," alisema Nyati.

"Ametutumikisha," alisema Bi Kiboko.

"Hilo tutalijadili," alisema Tembo. "Kwanza, nani atakata utepe?"

Wakaanza upya, mwenyekiti hivi, mlezi vile. Walipokuwa bado wanabishana, mtoto wa Digidigi alipenya katikati ya miguu yao na mkoba wake mgongoni. Akarukia la Tembo, akarukia la Nyati, akichechemea jiwe hadi jiwe, mpaka akafika ng'ambo na miguu mikavu. Mama yake akakaa chini pale pale akalia.

Kwa hiyo, wanangu, anayependa kusifiwa kwa kusaidia, mpangie sifa zake pale penye mzigo.

Hadithi yangu imevuka mto. Wale wanne sijui kama wameshaukata utepe.