Kalunde Awakaribisha Siafu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa chungu, na ndani ya chungu mji, na ndani ya mji kelele. Sogeeni karibu na moto, ninyi mliokaa nyuma, mpate kusikia.

Hapo zamani za kale, mwaka ambao moto uliila mbuga yote hata panzi wakaisha, palikuwa na mwanamke aitwaye Kalunde. Alikuwa na vifaranga saba vya kanga, na hao ndio kanga pekee waliobaki katika nchi ile. Mayai yao aliyaokota kando ya majivu, yangali na uvuguvugu, akamwekea kuku wake ayaatamie.

Sasa kifaranga cha kanga hakikui kwa mtama peke yake. Kinataka mdudu. Kwa hiyo Kalunde akafuga nyenje katika vyungu vitatu vikubwa. Akawatandikia majani makavu, akawalisha pumba na maganda ya maboga. Nyenje walikuwa wamepatana naye: yeye awalishe na kuwakinga na mijusi, wao wampe sehemu ya watoto wao. Nyumba ikawa inaimba kutwa.

Siku moja chungu cha kwanza kikanyamaza. Kalunde akafunua, akakuta sisimizi wamebeba watoto wa nyenje midomoni.

"Nani kawaleta hapa?" akauliza.

"Hatukuja, tumeitwa," wakasema sisimizi. "Ganda la boga lililooza ndilo lililotuita."

Akalitupa ganda. Siku ya pili, chungu cha pili kikanyamaza. Akafunua, akakuta funza wanachezacheza chini ya majani.

"Hatukuja, tumeitwa," wakasema funza. "Pumba zenye maji ndizo zilizotuita."

Akazitoa pumba, akaanika chungu juani. Siku ya tatu, chungu cha tatu kikanyamaza. Akafunua, akaona kama unga mwekundu umewamwagikia nyenje shingoni na miguuni, na ule unga unatembea. Ulikuwa utitiri.

"Hatukuja, tumeitwa," ukasema utitiri, kwa sauti ndogo ya watu elfu. "Umewasonga nyenje kama mtama ghalani. Msongamano ndio uliotuita."

Kalunde akawapunguza nyenje, akafagia, akapaka majivu. Wadudu wabaya wakajificha katika nyufa za ukuta. Alipogeuka tu, wakarudi. Kifaranga kimoja kikafa kwa njaa, vikabaki sita.

Ndipo akatoka nyenje jike mzee, mwenye mguu mmoja wa nyuma, akapanda ukingo wa chungu.

"Mama Kalunde," akasema, "ufagio wako hauingii katika nyufa. Waite siafu."

Kalunde akashika kichwa. Siafu aliwajua. Aliwahi kuona mbuzi aliyefungwa kamba njiani mwao, na baadaye akaona kamba tu.

"Siafu hawatachagua," akasema. "Watawamaliza na ninyi."

"Sisi tumekwisha, mama. Utitiri unatunywa tukiwa hai. Lakini mayai bado hayajatagwa. Tupe mchanga safi tutagie humo, ukauweke mbali."

Kalunde akakaanga mchanga katika kikaango mpaka ukawa mkavu kabisa, akauacha upoe, akautia bakulini, akaunyunyizia maji. Akachagua nyenje majike kumi, akawapangusa mmoja mmoja kwa unyoya. Wakataga siku nzima. Jua lilipoinama wakatoka wenyewe, wakarudi chunguni. Hakuna aliyewaamuru.

Kesho yake asubuhi Kalunde akachukua bakuli la mchanga, akachukua vifaranga na kuku wake, akavuka kijito kwenda kwa mama mkwe wake, Nyanzala. Bakuli akaliweka juu ya jiwe katikati ya beseni la maji, kitu chochote kitambaacho kisilifikie.

"Mwanangu," akasema Nyanzala, "siafu hawaalikwi. Siafu hukimbiwa."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimewaleta hawa kwako."

Kisha akaenda bondeni penye unyevu, akawakuta siafu wamelala kama kamba nyeusi isiyo na mwisho. Askari mmoja mwenye taya kubwa akainua kichwa.

"Nyumba yangu iko wazi," akasema Kalunde.

"Umebakisha humo unachokipenda?"

"Nimebakisha," akasema. "Wamekubali wenyewe."

Askari akageuka, siafu wakajipanga.

Walipanda asubuhi hiyo hiyo ya mawingu, nami sina maneno ya kutosha kuwaeleza ninyi. Nchi ilisogea. Majani makavu yakatoa mlio kama wa mvua inayokuja, na mvua haikuwapo. Wakaingia mlangoni, wakapanda kuta, wakaingia kila ufa, kila tundu, kila mshono wa paa. Wakatoka mende, wakatoka nge, akatoka nyoka mwembamba ambaye Kalunde hakujua kwamba alikuwa akilala naye nyumba moja.

Na nyenje wakaanza kuimba. Wote, vyungu vitatu, hata wagonjwa. Kalunde alisimama ng'ambo ya kijito, akasikia chungu cha kwanza kikinyamaza. Akasikia cha pili kikinyamaza. Akasikia cha tatu, na katika cha tatu sauti moja ikaendelea peke yake kitambo, kisha basi. Akapiga magoti.

Siafu walipita, wakaenda zao. Nyumba ilibaki safi kama fuvu. Kalunde akavianika vyungu siku tatu, akaziba nyufa kwa udongo.

Kwa Nyanzala vifaranga viliishi kwa mchwa, konzi moja kwa siku, ambao bibi yule aliwachimba kwa jembe mpaka viganja vikachubuka. Siku kumi na mbili zikapita, mchanga kimya. Siku ya kumi na tatu Nyanzala akamwita mkwewe kwa mkono.

Mchanga ulikuwa unachemka. Vilitoka vitu vidogo kuliko punje ya ufuta, vyeupe, vyenye miguu na masharubu kamili, mamia kwa mamia, vikisimama juu ya migongo ya wenzao. Hapakuwa na hata chembe moja nyekundu. Wale wanawake wawili waliinama juu ya beseni, wakizuia pumzi wasije wakavipeperusha.

Kalunde akakiinamia kimoja kilichofika ukingoni.

"Mnajua mlikotoka?" akanong'ona.

"Hatujui," kikasema kile kidudu. "Tuliamka tukakuta mchanga safi."

Hapo ndipo ngano yangu inapotua mzigo wake. Aliye na yake, na aitwike.