Barua ya Akili Timamu

Bwana Kahemele, mkubwa wa ofisi ya fidia za askari wastaafu, alijaa kitini kama gunia la pumba, na kazi aliyoiweza ilikuwa kukataa. Kikosi kizima cha Koplo Asubisye kilirudi kutoka vitani na akili zilizovurugika; mlango ukibamizwa tu, wanaume wazima walikimbilia uvunguni. Kahemele aliwafukuza wote kwa jibu moja: "Leteni shahidi mliyepigana naye, mwenye barua ya ofisi hii kwamba ana akili timamu."

"Mkuu, sote tunaumwa. Shahidi atoke wapi?"

"Shauri yenu."

Siku moja Koplo alikuja peke yake na fomu yake ya madai, kanyoa ndevu, shati limenyooka kwa pasi. Alisalimia kwa adabu, akajibu kila swali bila kukosea hata tarehe.

"Na huyu naye anajiita mgonjwa!" Kahemele alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Hupati kitu. Mzima kabisa wewe!"

"Basi niandikie, mkuu, wenzangu waamini."

Kahemele aliandika kwa madaha: ana akili timamu. Akagonga muhuri.

Koplo akafungua mlango. Nje walipanga mstari wenzake kumi na mmoja.

"Shahidi kapatikana," alisema. "Anza na huyu wa mbele."

Kahemele aligonga mihuri kumi na mmoja huku akisaga meno.

"Lakini fidia yako umeitupa mwenyewe!" alifoka. "Una wazimu wewe!"

Koplo alimsogezea fomu yake.

"Liandike na hilo, mkuu. Muhuri usisahau."