Ukigusa Kadi, Fuata Uzi

"Ukigusa kadi, fuata uzi." Mmenisikia nikisema hivyo mara mbili leo, na Tausi ameniuliza, "Uzi gani, Mzee Kihwelo? Sisi tunaandika programu, hatushoni nguo." Haya, sogezeni viti. Methali hii mababu hawaijui. Ilianza kwa kosa langu mwenyewe.

Tulikuwa tukitengeneza mfumo mkubwa wa kampuni ya kusambaza dawa. Kiongozi wetu, Bi Shangwe, aliandika kila hitaji la mteja kwenye kadi na kuibandika ukutani. Mahitaji yanayotegemeana aliyaunganisha kwa uzi mwekundu. Kadi mia nne! Ukuta mzima ukawa utando wa buibui.

Siku moja wageni walikuja kutukagua, nikaona aibu. Nikang'oa nyuzi zote, nikazipanga kadi zikanyooka. Wageni wakasifu, nami kichwa kikavimba.

Wiki iliyofuata watu wa ghala wakaomba jambo dogo: dawa isiyochukuliwa wapewe wengine baada ya siku tatu, si saba. Nikaitafuta kadi, nikafuta saba, nikaandika tatu, kisha nikabadilisha programu. Kazi ya dakika tano.

Siku chache baadaye nesi wa zahanati ya kisiwani akapiga simu. Insulini yake haikufika, na alikuwa na mtoto aliyebakiwa na dozi mbili. Nani kafuta oda? Tulipekua kila mahali, hakuna aliyeigusa. Ajabu gani hii?

Bi Shangwe akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye kadi yangu, akaanza kuzisoma nyingine moja moja. Ya mia mbili na kumi na mbili akaisoma kwa sauti: "Boti ya visiwani huchukua dawa Alhamisi tu." Insulini ilikuwa ikiingoja Alhamisi; siku tatu zilipopita, programu yangu ikaifuta oda na kuwapa wengine dawa.

"Hapa palikuwa na uzi," akasema. "Uko wapi, Kihwelo?"

"Niliutoa, Bi Shangwe. Ulichafua ukuta."

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinipa simu tu. "Mwambie nesi."

Nikamwambia naileta dawa mwenyewe, hata kwa boti ya kukodi. Akajibu, "Njoo upesi, kaka. Sisi tulidhani mmetusahau."

Nilifika mtoto amebakiwa na dozi moja. Niliporudi nikanunua uzi, nikazifunga kadi zote upya, siku tatu nzima.

Siku hizi nyuzi zimo ndani ya kompyuta, Tausi, hazichafui ukuta. Lakini upande wa pili bado kuna mtoto anayesubiri. Ukigusa kadi, fuata uzi.